Swichi Nyekundu Jikoni kwa Mama Wanza

Oveni ilikataa kupita mlangoni. Wamama saba wa chama cha Tusichoke walikuwa wameibeba kutoka kwenye pikapu mpaka kibarazani wakiimba, na sasa walisimama nayo mikononi, jasho likiwatiririka, wimbo umewaishia, huku Muoki akiwaelekeza kwa kidole.

"Ilazeni kidogo. Si hivyo. Upande wa Mama Maurine ushuke."

"Baba Wanza, kidole hakibebi," alisema Roseline, ambaye ndiye Mama Maurine mwenyewe, na ndiye aliyekuwa ameshika upande mzito. Alikuwa ametoka kwake Mowlem asubuhi hiyo amevaa raba makusudi kwa kazi hiyo. "Kuja ushike hapa."

Muoki akashika. Grili ya mlango ikang'olewa kwenye bawaba, oveni ikaingia kwa ubavu, ikapita sebuleni, ikatua jikoni karibu na friji. Ilikuwa nyeupe, ina sahani nne za kupikia juu na mlango wa kioo. Ndunge, mke wa Muoki, aliufungua mlango ule na kuufunga mara tatu bila sababu yoyote. Akajifuta macho kwa leso, na mara hii haukuwa moshi.

Chama cha Tusichoke hakikuwa cha kupeana pesa. Kila zamu ikifika, mwanachama alinunuliwa kifaa kimoja cha nyumba alichokichagua mwenyewe, na wenzake wote walikibeba mpaka kwake. Zamu zilipangwa kwa kura. Na tangu mwaka ule Nekesa alipopewa cherehani akaifanya meza ya televisheni, kulikuwa na sheria: kifaa kinakaa mwezi mmoja, kisha wanachama wanakuja, na mwenye nyumba anawahudumia kutokana na kifaa hicho. Kikikutwa kimefunikwa kitambaa, kinabebwa siku hiyo hiyo kupelekwa kwa anayefuata kwenye kura.

Anayefuata alikuwa Roseline. Naye alikuwa ameitaka oveni kabla Ndunge hajaiota, kila mtu alijua hivyo, na Roseline hakuwa mtu wa kuficha.

"Mwezi mmoja, Mama Wanza," alisema akipangusa kioo kwa kiganja. "Mimi siombei mtu mabaya. Lakini jikoni kwangu nimeshapima, inatoshea sawasawa."

Wenzake wakacheka. Ndunge akacheka pia, ila si sana. Alikuwa na jambo ambalo hakuna mtu chamani aliyelijua. Kwa miaka mingi alioka keki kwa sufuria juu ya jiko la makaa, na makaa mengine juu ya kifuniko, keki sita kwa mara moja, macho yakimwaga machozi na kifua kikikwaruza. Sasa shule ya chekechea ya pale Komarock ilitaka keki ndogo arobaini kila asubuhi kuanzia siku ya kufungua muhula. Ndunge alisema ndiyo kwanza, akafikiria baadaye. Bila oveni hiyo, ndiyo yake ingekuwa uongo mbele ya walimu na watoto arobaini.

"Wala usiwe na wasiwasi," Muoki alitangazia jikoni nzima. "Hii nyumba ina cooker unit."

Akaonyesha ukutani. Palikuwa na swichi kubwa nyekundu, pana, yenye soketi ubavuni. Miaka kumi na mmoja Muoki alikuwa akiwaonyesha wageni swichi ile. Majirani wengine, alisema, walinunua nyumba bila kuangalia. Yeye aliangalia.

*

Muoki alikuwa karani katika ofisi moja ya uchukuzi kule Industrial Area, mwaka wa ishirini na mbili huo, na kwake kitu kilichoandikwa na kupigwa muhuri kilikuwa kipo, hata kama hakipo. Nyumbani alikuwa na faili la kila kitu. Ramani ya nyumba ilikuwa humo, imekunjwa vizuri, na kwenye ramani, mahali pa swichi nyekundu, palichorwa kiduara na kuandikwa kwa Kiingereza kwamba hapo ndipo stima ya jiko.

Kwa hiyo alisema ataiunganisha oveni mwenyewe, akipata nafasi. Wiki ya kwanza hakuipata. Wiki ya pili alisema haraka haraka haina baraka. Wiki ya tatu Ndunge alianza kuweka sinia la vikombe juu ya oveni, akaona anachofanya, akaliondoa mbio kana kwamba Nekesa na cherehani yake wamesimama mlangoni.

Jumatatu ya wiki ya mwisho, Muoki akiwa kazini, Ndunge alimpigia simu Maurine. Maurine alikuwa na kibanda Kariobangi, alikokuwa akisuka upya nyaya za mota na kutengeneza mashine za welding za watu, na katika eneo lile hakukuwa na fundi wa stima aliyesifiwa kama yeye. Kwamba alikuwa binti wa Roseline lilikuwa jambo la bahati mbaya tu.

"Niaje, Mama Wanza. Hii ndiyo ile oveni ya kuleta kelele kwetu?" aliuliza Maurine alipofika, mkoba wa vifaa begani.

"Ndiyo hiyo. Iangalie, mwanangu."

Maurine alizima swichi kuu kwenye sanduku la stima pale sebuleni, akarudi, akafungua skrubu mbili za swichi nyekundu, akaivuta nje taratibu. Akawasha tochi ya kichwani. Akaufuata waya kwa kidole, akaguna. Ndunge hakupenda mguno ule.

"Ni nini?"

"Njoo uone mwenyewe. Hii waya yote imetoka kwa hiyo soketi ya friji. Wameivuta hapa tu, ni nyembamba. Hakuna waya ya jiko, Mama Wanza. Waliweka swichi ya urembo."

"Lakini birika linachemka hapo kila siku."

"Birika ni dakika tatu. Oveni ni saa nzima. Hii waya itachemka pamoja na keki." Akairudisha swichi, akakaza skrubu. "Inataka waya yake pekee kutoka kwa sanduku, milimita sita, na breaker yake, ile swichi inayojizima stima ikizidi. Kazi ya siku moja. Niambieni tu."

Ndunge alikuwa anamshukuru wakati Muoki alipoingia, mkoba wa ofisi mkononi. Akaiona bisibisi. Akamwona aliyeishika.

"Nani amefungua swichi yangu?"

Ndunge akaeleza. Maurine akaeleza. Muoki akawasikiliza wote wawili kwa adabu, kisha akaenda chumbani na kurudi na faili. Akaifungua ramani juu ya oveni.

"Soma hapa, msichana."

"Nimesoma, Baba Wanza. Lakini waya hajasoma."

Ndunge aliuma midomo asicheke. Muoki aliikunja ramani mikunjo minne, polepole, na masikio yake yakawa yamebadilika rangi.

"Naelewa," alisema. "Oveni isipofanya kazi Jumamosi wamama wakija, inabebwa kwenda kwa nani? Mwambie mama yako mwezi haujaisha. Aache kupimia mali ya watu nafasi jikoni kwake."

Maurine alikusanya vifaa vyake kimoja kimoja. Alikuwa na miaka ishirini na sita na alikuwa ameshaambiwa mengi na wenye nyumba, lakini hili lilimchoma, na hakulificha.

"Mimi nikifungua ukuta wa mtu siangalii ni wa nani," alisema. "Mbaki salama, Mama Wanza."

Akaenda zake. Ndunge hakumpikia mumewe chai jioni hiyo. Muoki alijichemshia mwenyewe, kwa birika, kwenye soketi ya swichi nyekundu, akisimama hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika ili mtu aone kwamba linachemka.

*

Jumatano Muoki aliomba ruhusa ya nusu siku, akaja na Sylvance, mwenzake wa ofisini. Sylvance alitengeneza redio za watu Jumapili baada ya kanisa, na maneno yake yalikuwa mengi kuliko redio alizowahi kuzifufua. Walivua mashati wakabaki na fulana. Waliunganisha nyaya za oveni nyuma ya swichi nyekundu, wakabishana kuhusu ile ya kijani, wakakubaliana, wakawasha.

Taa ndogo nyekundu iliwaka. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja, swichi ya Muoki ilikuwa na jiko.

"Unaona?" Muoki alimwambia mkewe. "Unaona hiyo taa?"

Ndunge aliona, na moyo wake ukafurahi licha ya yote, kwa sababu oveni ilianza kupata joto na harufu ya bati jipya ikajaa jikoni. Akaanza kuchanganya unga. Alikuwa amefika kwenye mayai wakati kitu kilipolia *tap* sebuleni, na friji, taa ndogo na redio vikanyamaza pamoja.

Muoki alikwenda kwenye sanduku, akairudisha swichi iliyoruka. Dakika kumi, *tap*. Akairudisha. Dakika sita, *tap*.

"Hii breaker imezeeka," alisema Sylvance. "Haina nguvu. Ukitaka kazi ya ng'ombe usifunge mbuzi. Nitakuletea kubwa kesho."

"Maurine alisema waya ndio mdogo," Ndunge akasema.

"Shemeji," Sylvance akajibu kwa upole wa mtu anayejua, "kama waya ingekuwa mbaya, hata taa haingewaka."

Ndunge aliutazama unga wake kwenye bakuli. Akawasha jiko la makaa nje, akaoka keki sita, akakohoa.

Alhamisi alasiri, Sylvance alifunga ile kubwa. Na kweli, haikuruka. Dakika kumi zikapita, ishirini, nusu saa. Wanaume wawili waliketi sebuleni wakipongezana, wakisubiri *tap* ambayo haikuja. Sylvance alieleza jinsi ambavyo angeweza kuwa injinia kama si karo. Ndunge aliingiza trei ya kwanza, keki kumi na mbili, akapiga magoti mbele ya kioo kuziangalia zikiinuka. Zilikuwa zinainuka. Alifikiria watoto wa chekechea na vidole vyao vyenye sukari.

Harufu ilimfikia kabla ya moshi. Si ya keki. Ilikuwa ya plastiki, ya kandambili iliyoanguka motoni. Akainua macho na kuiona swichi nyekundu ikianza kuinama, kona moja imelegea, na rangi ya ukuta juu yake ikigeuka kahawia mstari mmoja ulionyooka kuelekea kwenye soketi ya friji, mahali waya ulipopita ndani.

"Baba Wanza! Zima! Zima yote!"

Ni Ndunge aliyezima. Muoki na Sylvance waligongana mlangoni, na wakati wakiombana radhi yeye alishapita katikati yao akaivuta swichi kuu chini. Moshi mwembamba ulitoka kwenye tundu la swichi, ukatoka, ukapungua, ukaisha. Ukuta ulikuwa wa moto mkono haukai.

"Aiya," alisema Ndunge, akakaa chini sakafuni. "Wanza angekuwa amelala ndani. Mngeniambia nini?"

Wanza, mtoto wao, alikuwa chuoni Machakos, lakini hakuna aliyelitaja hilo. Sylvance alivaa shati lake akakosea vifungo, akakumbuka ana mgeni nyumbani. Muoki alibaki amesimama mbele ya ukuta, akiupapasa ule mstari wa kahawia. Ile ramani ilikuwa bado juu ya oveni, imekunjwa vizuri. Hakuifungua.

"Huyo msichana anaishi wapi?" aliuliza baadaye.

"Unajua anakoishi. Anaishi kwa mamake."

*

Ijumaa saa moja asubuhi, walipanda boda boda mbili hadi Mowlem. Muoki alikuwa amevaa koti la kanisa. Njiani alikuwa amepanga hotuba fupi yenye maneno kama mawasiliano na kutoelewana, lakini Roseline alipofungua mlango akiwa na mwiko mkononi, hotuba yote ilitoroka.

"Karibuni," alisema Roseline. Akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Yawa, kuna msiba?"

"Hakuna," alisema Ndunge. "Kidogo tu kungekuwa."

Maurine alitoka chumbani akifunga kamba za buti za kazi. Akamsalimia Ndunge kwa mikono miwili. Muoki akamsalimia kwa mmoja. Wakaketi. Chai ikaletwa. Ndunge alimtazama mumewe, akaitazama chai, akamtazama tena, na kwa mara ya kwanza hakumsaidia.

"Tumeunguza ukuta," alisema Muoki mwishowe. Akalamba midomo. "Mimi nimeunguza. Tuliweka breaker kubwa."

Maurine alifumba macho kidogo. "Ngapi?"

"Ampea arobaini."

"Kwa waya hiyo?" Akapumua. "Baba Wanza, hiyo ndogo ilikuwa inaruka kwa sababu inawalinda. Si eti ilikuwa mvivu. Nyinyi mkafuta askari mkaweka mwizi."

"Ndiyo," alisema Muoki. Hakuna mtu ofisini kwake aliyewahi kumsikia akisema ndiyo fupi namna hiyo. "Na yale maneno niliyosema kwangu, Jumatatu. Juu yako na mama yako. Yalikuwa mabaya. Nimekuja kuyaondoa."

Roseline alikuwa mlangoni pa jikoni, mwiko ukidondosha mafuta sakafuni. Nyuma yake Ndunge aliona kona tupu, imefagiliwa, imepakwa rangi mpya, na mfereji mweupe wa plastiki wa kupitishia waya umekwisha kupigwa ukutani kutoka sandukuni hadi kwenye kona ile. Kona iliyopimwa. Roseline hakuwa amefanya utani.

"Naweza kuja leo leo," alisema Maurine. "Shida ni waya. Hizi za vibanda Kariobangi ni aluminiamu imepakwa rangi ya shaba, siziweki kwa nyumba ya mtu. Zile za ukweli naletewa Jumatatu."

Jumatatu. Kikao kilikuwa Jumamosi saa tisa. Ndunge aliweka kikombe chini. Alijua sheria, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiunga mkono mwaka wa cherehani, kwa sauti kubwa, mkono juu.

"Basi," alisema. "Basi ije kwako, Mama Maurine. Sheria ni sheria. Wewe una mahali pake tayari." Akajaribu kutabasamu. "Mimi nitawaambia walimu. Kuna keki arobaini nilikuwa nimeahidi chekechea. Nilijisifu mapema."

"Keki gani?" aliuliza Roseline.

Ndunge akamweleza. Roseline alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka akautazama ule mfereji mweupe, kona ile, rangi ile mpya. Akausogeza mwiko kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Maurine alikuwa anamtazama mamake bila kupepesa.

"Maurine," Roseline akasema. "Toa kile kitu chini ya kochi."

"Mum, una hakika?"

"Nimesema toa."

Maurine alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya kochi alilokalia Muoki, na Muoki ikabidi ainue miguu. Likatoka bunda la waya, nene, la kijivu, bado limefungwa karatasi ya dukani.

"Milimita sita," alisema Roseline. "Ya ukweli. Nilinunua wiki ile ile tuliyokuletea oveni. Nilimwangalia Baba Wanza akibeba kwa kidole, nikasema, huyu hatasikiliza mtu, mwezi utaisha, wacha nijitayarishe." Akacheka, lakini macho yake yalikuwa yamelowa. "Niliitaka hiyo oveni, Ndunge. Sitakudanganya. Jana usiku nimehesabu siku. Lakini nilitaka ije kwangu kwa kura, si kwa sababu nyumba yako imewaka. Na kama ningenyamaza leo na hii waya iko chini ya makalio ya mumeo, ule mkate wangu wa kwanza ungenikwama hapa." Akajigusa kooni.

Ndunge alisimama akamkumbatia, mwiko na mafuta na yote. Muoki alikaa na miguu bado hewani, hajui aiteremshe lini.

*

Maurine alianza Ijumaa hiyo hiyo saa tatu asubuhi. Alichomoa waya mwembamba wote uliokuwa umeiva ndani ya ukuta, akautupa miguuni mwa Muoki, nao ulikuwa umekauka ukivunjika kama tambi mbichi. Aliitoa breaker ya Sylvance, akamkabidhi Muoki aitunze kama ukumbusho. Alirudisha friji na soketi kwa waya wake pekee, kisha akapitisha waya wa Roseline kutoka sandukuni, juu ya mlango, mpaka jikoni, ndani ya mfereji mweupe ulionyooka.

Muoki hakwenda kazini. Alishika tochi. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa, na aliifanya kwa makini kama anayelinda muhuri wa ofisi.

"Juu kidogo, Baba Wanza."

"Hapa?"

"Kushoto. Hapo. Usisonge."

Hakusonga. Mkono ulimuuma mpaka begani, na hakuuteremsha. Majirani wawili walipita dirishani, wakamwona karani mzima amemmulikia msichana ukutani, wakachungulia ili wahakikishe. Muoki akawapungia kwa mkono uliobaki.

Kazi haikuisha siku ile kwa sababu stima ilikatika mtaa mzima kuanzia saa nane hadi jioni, na Maurine hakutaka kumaliza bila kupima. Kwa hiyo Jumamosi saa saba mchana alikuwa bado juu ya kiti, na saa nane unusu alikaza skrubu ya mwisho ya swichi mpya. Ilikuwa nyekundu pia. Muoki alikuwa ameiomba hivyo, kwa sauti ya chini.

Saa tisa kamili, mwenyekiti Wacera aliingia na daftari la chama chini ya kwapa na wamama nyuma yake. Alikuwa mwanamke asiyechelewa na asiyesahau. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akaitazama oveni, ambayo ilikuwa baridi, kisha akautazama ukuta. Maurine alikuwa ameziba ufa alipochomoa waya, lakini ule mstari wa kahawia ulikuwa bado unaonekana.

"Mama Wanza, huu ukuta umepatwa na nini?"

Ndunge alifungua kinywa. Alikuwa na jibu tayari, la sufuria na mafuta, zuri tu, la kumfunika mume. Lakini Muoki alikuwa amesimama mlangoni, na akamtangulia.

"Ni mimi," alisema. Wamama wote wakageuka. "Maurine aliniambia hakuna waya. Nikamwonyesha karatasi. Nikamtukana yeye na mama yake, kisha nikachoma nyumba kidogo. Oveni haijatumika kwa sababu yangu, si ya Mama Wanza. Ukiandika, andika jina langu."

Nekesa, wa cherehani, alimtazama kwa huruma ya mtu aliyewahi kupita njia hiyo.

"Sisi huandika majina ya wanachama tu," alisema Wacera. Akatazama saa. "Na sheria inasema tunakula kutokana na kifaa leo. Haisemi saa ngapi. Leo inaisha lini?"

"Giza likiingia," alisema Roseline haraka kuliko wote.

"Basi washeni."

Ndunge alimshika Roseline mkono, akamvuta mbele ya swichi. "Bonyeza wewe."

"Mimi?"

"Ni waya wako."

Roseline alijipangusa kidole kwenye sketi, akabonyeza. Taa ndogo ikawaka. Wote walitega sikio upande wa sebuleni, hata wale wasiojua wanasikiliza nini. Hakukuwa na *tap*. Maurine aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo dakika nzima, kisha akamwita Muoki aweke chake.

"Baridi," alisema Muoki. "Jamani, ni baridi!" Na akacheka peke yake kama mtoto.

Trei mbili zilitoka saa kumi na nusu. Keki ishirini na nne, zimeinuka, zimepasuka vichwani kidogo kama inavyopendeza. Ya kwanza alipewa Roseline kwenye kisahani. Alitafuna taratibu, wote wakimtazama mdomo.

"Sukari imepungua," alisema. Akachukua ya pili. "Lakini ile waya ni yangu. Siku mkihama, nakuja na koleo."

"Zamu yako ikifika, Mama Maurine," alisema Muoki, "waya nitaleta mimi. Milimita sita. Ya ukweli."

"Na tochi?"

"Na tochi nitashika."

Wakacheka mpaka Wacera akafunga daftari bila kuandika, akanyoosha mkono kutafuta keki.

Wageni walipoondoka, Maurine alibaki na kalamu ya wino mweusi mbele ya sanduku la stima, akiandika jina la kila swichi kwenye vibandiko vidogo. *Taa. Soketi. Bafu.* Alipofika kwenye ile mpya akasita. "Hapa niandike jiko ama oveni?"

"Andika Roseline," alisema Ndunge.

Maurine alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Akaandika, kwa herufi kubwa, akabandika, akafunga sanduku.

Muhula ulifunguliwa Jumatatu ya wiki iliyofuata. Saa kumi na moja asubuhi Ndunge alikuwa jikoni, trei nne tayari, unga mpaka kwenye nyusi, kifua chepesi. Muoki aliamka, akaenda sebuleni na miwani yake, akafungua sanduku na kusoma vibandiko vyote kutoka juu hadi chini, kama anavyosoma kila karatasi.

"Mama Wanza," akaita, "nimwashe Roseline?"

"Mwashe," akajibu Ndunge. "Watoto wanangoja."